Kitanda kiko Mbeya, sindano iwe Masoko

Ukiuliza pale stendi ya Tukuyu mgonjwa wa akili hupelekwa wapi, utajibiwa Mirembe kabla hujamaliza swali. Watoto wa shule hutaniana kwa jina hilo, walevi hutukanana kwalo, na wazazi waliochoka hulitumia kutishia. Limekaa vichwani tangu Waingereza walipofungua hospitali ya vichaa Dodoma mwaka 1927, na kwa familia ya Masoko, wilayani Rungwe, lina hasara kubwa kuliko utani. Linaiaminisha kwamba kati ya nyumbani na Dodoma, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mbeya, hakuna mahali pa kushika. Basi familia inasubiri. Inasubiri mpaka mgonjwa ampige mtu, avunje milango au apotelee kwenye migomba ya watu, ndipo inatafutwa kamba.

Mahali papo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, ina idara ya afya ya akili inayolaza wagonjwa. Tukuyu penyewe ipo hospitali ya wilaya, Makandana, ambako rufaa huandikwa. Mirembe, ambayo siku hizi ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ni ngazi ya mwisho: hupokea walioshindikana kwingine. Isanga, taasisi iliyo chini yake (ya Dodoma, si mtaa wa Mbeya mjini wenye jina hilo), hupokea walioletwa kwa amri ya mahakama. Mgonjwa wa Rungwe anaweza kuugua, akalazwa, akapona na kurudi nyumbani bila kuiona Dodoma hata siku moja.

Kwa hiyo kilio cha kila mwaka, ifikapo Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, kwamba taifa halina vitanda vya kutosha vya wagonjwa wa akili, ni cha kweli lakini hakigusi kidonda. Kwa mtu wa Masoko kitanda ni kipande kifupi cha katikati. Kinachomuumiza ni safari ya kukifikia, na zaidi ya hapo, miezi inayofuata baada ya kukiacha.

Tuseme ni kijana wa miaka 23, dereva wa bodaboda kati ya Masoko na Tukuyu. Wiki ya kwanza halali. Ya pili anasema redio ya jirani inamtangaza yeye. Ya tatu anakataa ndizi za mama yake kwa kuwa, anasema, zimetiwa sumu. Majirani wanasema bangi. Shangazi anasema amerogwa kwa ajili ya ile pikipiki mpya. Mchungaji anaitwa, watu wanafunga na kuomba. Kila mmoja ana nia njema, na hakuna anayestahili kubezwa.

Unyakyusa, kwanza, haukuwahi kukichukulia kichaa kama jambo jepesi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba taratibu za msiba zilikuwa na kazi ya kumkinga mfiwa. Asiyezitimiza alihofiwa kurukwa na akili. Watu waliojenga mila nzima ya kuikinga akili ya mfiwa hawawezi kuambiwa leo kwamba hawajui ugonjwa wa akili. Wanaujua. Wasichoelekezwa ni mlango upi wa hospitali wa kubisha, na lini. Na wa kuwaelekeza angefaa kuwa huyohuyo mchungaji, kwa sababu tangu Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 kanisa limekuwa mahali pa kwanza pa kukimbilia. Maombi na zahanati haviwezi kugombana mtu akivipitia vyote siku moja.

Tena zahanati iwe ya mapema kuliko vyote, kwa sababu moja ambayo watu wa Masoko na Kyela wanaijua vizuri: malaria kupanda kichwani. Mtu mwenye malaria kali anaweza kufoka, kuona visivyoonekana na kukimbia uchi barabarani, na siku mbili baadaye akafa. Sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, mlevi wa miaka mingi aliyekatiza pombe ghafla, mama aliyejifungua wiki iliyopita, vyote hivi vinaweza kuvaa sura ya kichaa. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kinachukua robo saa. Familia inayompeleka mgonjwa kwa mganga wa kienyeji kwanza inaweza kupoteza muda ambao huyo mgonjwa hana.

Sasa tuseme kipimo kimetoka safi na kijana hajatulia. Hapa ndipo safari inapoharibika. Bodaboda hazimpandishi. Kosta ya abiria haimchukui mtu anayepiga kelele. Familia inakodi Noah, wajomba wanne wanakaa pembeni yake, mikono imefungwa kwa kanga za mama au kwa kamba ya katani, na mama anakaa mbele akilia kimya hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya. Wasio na hela ya kukodi wanakwenda polisi, na polisi wana gari, lakini wana pingu pia. Kijana ambaye wiki tatu nzima amekuwa akisema watu wanataka kumkamata, anakamatwa kweli.

Sheria haikutaka iwe hivyo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni, inamruhusu mtu aombe kulazwa kwa hiari yake mwenyewe, kama anavyolazwa mwenye kidonda cha tumbo. Asiyejitambua anaweza kupelekwa na ndugu zake, na sheria inawatambua pia polisi, maafisa ustawi wa jamii na viongozi wa eneo. Enzi za mkoloni mlango ulikuwa wa mahakama: hakimu alitamka, askari akasindikiza. Mlango huo ulishabadilishwa, ila mazoea yamebaki palepale. Ukimwambia mtendaji wa kijiji kwamba mgonjwa wa akili anamhusu hata kabla hajavunja kitu cha mtu, huenda ukamshangaza.

Ipo sheria nyingine inayozuia watu kusema ukweli wanapofika hospitali. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Mama ambaye binti yake amekunywa dawa ya kuulia wadudu ya shambani anaogopa kusema alikunywa kwa kukusudia. Anasema alidhani ni soda. Binti anaoshwa tumbo, anaruhusiwa, anarudi kwenye nyumba ileile na huzuni ileile, bila kuonana na mtu wa afya ya akili hata kwa dakika tano. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Bunge la Dodoma lingeweza kukifuta cha kwetu bila kungoja kuburutwa mahakamani.

Ndani ya wodi kukoje? Swali hili ndilo linalowatisha watu kuliko Noah na pingu, na ndilo lisilojibiwa na mtu. Mlango hufungwa. Muuguzi huchukua mkanda, kamba za viatu, wembe, simu na fedha, huviandika na kuvihifadhi. Humuuliza mama maswali ambayo mama hakuyatarajia: alilala lini mara ya mwisho, alikula nini, nani mwingine katika ukoo aliwahi kuugua hivi, anakunywa pombe ya kimpumu kiasi gani, ana kifafa? Damu huchukuliwa. Kama kijana anapigana, huchomwa sindano ya kumtuliza na hulala, pengine mpaka kesho yake mchana. Mama anayemwona mwanawe amelala fofofo hivyo hudhani ameuawa. Hajauawa. Pengine ni mara yake ya kwanza kulala usingizi kamili kwa wiki tatu.

Siku zinazofuata huwa na mambo machache ya kusimulia, na hiyo ni dalili nzuri. Chai, vidonge, jua la nje, kuoga, vidonge, kulala. Sauti anazosikia hazizimiki siku moja. Hupungua, huhamia mbali, na baada ya wiki kadhaa kijana huanza kusema kwa aibu kwamba labda redio ilikuwa haimsemi yeye. Wengi hukaa wiki chache tu. Wodi zetu hujaa, na mahali penye wauguzi wachache na wagonjwa wengi mtu anaweza kusahaulika kwenye chumba kilichofungwa kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Ndiyo maana ndugu wanapaswa kwenda, kuuliza na kuandika. Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii jina lake nani, na inaleta madhara gani? Mnatarajia kumruhusu lini? Daktari anayeheshimu kazi yake hakasirishwi na maswali hayo.

Kijana anaruhusiwa. Hapa wengi huandika tamati, na ndipo ugonjwa unapoanza kazi yake ya pili.

Mara nyingi anarudi na vidonge vya mwezi mmoja, kadi ya kliniki, na maelekezo ya kuchomwa Modecate kila baada ya wiki nne. Hii ni sindano ya makalioni ambayo dawa yake huachiliwa mwilini polepole, na kwa mtu anayesahau vidonge au asiyevitaka ni mkombozi. Lakini siku chache baada ya kuchomwa shingo inaweza kukakamaa, ulimi kuwa mzito, mate kumtoka, hatua kuwa fupifupi kama za mzee. Majirani wanamtazama na kusema hospitali imemharibu. Mganga wa kienyeji anasema ni mapambano kati ya dawa na jini. Mama anaficha kadi. Ukweli ni kwamba dawa ina madhara hayo, yanajulikana miaka mingi, na vidonge vidogo vya Artane huyatuliza. Pengine hata kupunguza kipimo cha dawa kungetosha. Kama hilo lingesemwa siku ya kuruhusiwa, kwa lugha ambayo mama anaielewa, kadi isingefichwa.

Tuseme mama ni jasiri, hakuficha. Wiki ya nne inafika, na sindano iko Mbeya. Kutoka Masoko kwenda Tukuyu ni nauli. Tukuyu kwenda Mbeya ni nauli nyingine. Na kwa kuwa kijana bado ana wasiwasi wa watu wengi, lazima asindikizwe na mtu, kwa hiyo zidisha kwa mbili, kisha rudisha. Matibabu yenyewe hayatakiwi kumgharimu: wagonjwa wa akili wamo katika makundi yaliyosamehewa kuchangia gharama. Lakini msamaha haupandi gari. Na dawa ikikosekana dirishani, ndugu huelekezwa duka la nje. Mwezi wa kwanza wanakwenda. Wa pili mvua imeharibu barabara. Wa tatu kijana mwenyewe anasema amepona, na kweli anaonekana amepona. Amerudi kwenye bodaboda, analipa marejesho. Wa sita redio inaanza tena kumtangaza.

Hivyo ndivyo kitanda kimoja cha Mbeya kinavyohudumia mtu yuleyule mara tatu, huku wagonjwa wawili wapya wakingoja nje. Anayehesabu vitanda peke yake hawezi kuliona hilo.

Si tatizo la Rungwe tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kubwa ya afya ya akili ya mwaka 2022, lilieleza kwamba serikali duniani hutumia wastani wa asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na kwamba katika nchi za kipato cha kati sehemu kubwa ya hicho kidogo humezwa na hospitali kubwa za vichaa. Ni wazi kwa nini. Hospitali kubwa ina jengo, ina ukuta, ina jiwe la msingi la kuzinduliwa na waziri. Kichupa cha Modecate kwenye kabati la zahanati hakizinduliwi na mtu.

Wapo wanaoruka upande wa pili na kusema basi hospitali hizo zifungwe zote, kama Italia ilivyoanza kufanya kwa sheria ya mwaka 1978. Kuna ukweli katika hasira yao. Human Rights Watch ilichapisha mwaka 2020 ripoti kuhusu watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya ugonjwa wa akili katika nchi takriban 60, Kenya ikiwamo. Lakini Afrika Kusini ilionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Mwaka 2015 na 2016 jimbo la Gauteng liliwaondoa wagonjwa kutoka vituo vya Life Esidimeni ili kubana matumizi, likawasambaza kwenye nyumba za mashirika yasiyo na dawa, chakula wala wauguzi. Watu 144 walikufa. Kufunga wodi kabla ya kuijenga zahanati si mageuzi.

Tanzania yenyewe ina kumbukumbu ya njia ya katikati, na ajabu ni kwamba inakumbukwa kidogo. Hata kabla ya Dodoma, Lutindi kwenye milima ya Usambara, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, iligeuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa makao ya wagonjwa wa akili, na kazi za shamba na mikono zikawa sehemu ya maisha yao. Mwaka 1954 daktari wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza katika hospitali ya Aro kuwapangia wagonjwa vyumba katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake, wakihudhuria hospitali mchana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania nayo ilianza vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, Hombolo karibu na Dodoma kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Kisha miaka ya 1980 ukaja mpango wa kuiingiza huduma hii katika zahanati na vituo vya afya, ukajaribiwa Kilimanjaro na Morogoro. Wazo lilikuwa sahihi wakati ule, na ni sahihi leo. Lililokosekana ni fedha za kulidumisha baada ya wafadhili kuondoka.

Kifafa ni mfano mzuri wa kinachowezekana. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwei, alianza kutibu kifafa Mahenge karibu mwaka 1960, kwa watu ambao walikuwa wakitengwa na kula peke yao. Dawa ilikuwa ya bei ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha haikatiki, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo mgonjwa anaweza kufika kwa miguu.

Hata suala la gari lina jibu ambalo serikali imelijenga tayari kwa ajili ya wengine. Mfumo wa m-mama, ulioenea nchini, unamwezesha mjamzito au mzazi mwenye dharura kupiga 115 bure, na kama gari la wagonjwa halipo, dereva wa kijijini aliyesajiliwa humbeba na kulipwa na mfumo. Dereva huyohuyo, akipewa mafunzo ya siku mbili ya namna ya kumsindikiza mtu aliyechanganyikiwa bila kamba, na muuguzi akiwa kando yake na sindano ya kumtuliza, angemaliza sehemu kubwa ya hadithi ya Noah na pingu. Madereva wanajulikana, namba inajulikana. Kilichobaki ni kuamua kwamba kijana anayesikia redio ikimsema ana dharura kama mama anayetoka damu.

Diwani yeyote wa Rungwe anayetaka kulichukua jambo hili ana mahali pa kuanzia, nalo halihitaji jengo. Katika kikao kijacho cha baraza la madiwani, pale taarifa ya afya inaposomwa na mganga mkuu wa wilaya, aombe mambo matatu yaandikwe kwenye kumbukumbu: ni zahanati ngapi za Rungwe zilizoagiza Modecate na Artane kutoka Bohari ya Dawa robo iliyopita, ni wauguzi wangapi walio nje ya Makandana wanaoruhusiwa kuichoma, na mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodi ya Mbeya, karatasi yake inatumwa kwa mganga mfawidhi gani, au inabaki mfukoni mwa mama yake. Kisha aombe majibu hayohayo yaletwe tena robo inayofuata, na inayofuata.